Mgonjwa Akisema "Sivuti"

Wahitimu wa uuguzi na utabibu, hongereni sana. Vigelegele vya asubuhi nadhani wazazi ndio waliostahili zaidi, maana ada wanaijua wao.

Nimeombwa niseme neno kuhusu moyo. Nitasema kuhusu swali mtakalouliza kila zamu: "Unavuta sigara?" Kijana wa miaka 20 atajibu hapana, wala hatakuwa amedanganya. Mfukoni ana vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kidude chembamba kama flashi ya kompyuta, kinanukia embe. Hakina jivu, hakina kiberiti, na mama yake aliyemsindikiza hana habari. Nanyi mtaandika kwenye faili "havuti", kisha mtaita mgonjwa mwingine.

Ndani ya kidude hicho mara nyingi mna nikotini iliyochanganywa na propilini glaikoli, gliserini na viungo vya ladha. Koili ikipata moto, mchanganyiko huo hugeuka matone madogo sana yanayoshuka hadi mapafuni. Wanaosema ni mvuke wa maji tu wanajifariji. Nikotini ikiingia kwenye damu, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: mapigo yanaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Utando wa ndani wa mishipa, unaotoa nitriki oksaidi ili mshipa utanuke, nao hulegea kazini. Hilo limepimwa hata kwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Kimiminika kikichemka sana huweza kuzalisha fomaldehaidi, ndugu wa ile formalini iliyowatoa machozi maabara.

Vepu ya JUUL ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ilitumia nikotini ya chumvi, isiyokwaruza koo. Anayeanza hakohoi, kwa hiyo hana cha kumzuia. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kichupa kimoja cha asilimia 5 kilikuwa na nikotini inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara.

Mtaambiwa ni nafuu kuliko sigara. Kwa mvutaji wa siku nyingi anayeacha sigara kabisa, kuna ukweli: tumbaku haiungui, na sumu nyingi za moshi zinapungua. Lakini wengi huvuta vyote viwili, na hapo moyo haupumziki. Na binti ambaye hajawahi kugusa sigara, kwake ni nafuu kuliko nini?

Kidude hiki kwa sura yake ya sasa kilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Ugonjwa wa mishipa ya moyo hujijenga kwa miongo, kwa hiyo walioanza wakiwa vijana bado hawajafika umri wa kutujazia wodi. Jirani zetu Uganda hawakungoja: sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki. Mimi naona walifanya vyema.

Basi ongezeni swali. Mkisha kuuliza sigara, ulizeni vepu, ulizeni shisha, kila kimoja kwa jina lake. Mwombeni mama asubiri nje kidogo, msikunje uso, na jibu liandikwe kwenye faili. Na kama mfukoni mwa joho lako leo kuna kidude hicho, anza kwa kujiuliza wewe mwenyewe kabla hujavaa sare.