Kukaza Si Kushika: Mhadhara wa Umma Kuhusu Klipu za Mipira



Mada ya mhadhara huu ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeishiwa. Madaraja yapo, alisema, mabwawa yapo, reli ya umeme ipo. Wewe unakwenda kuzungumzia klipu ya mpira wa rejeta? Halafu akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyoniudhi: "Klipu si ni kukaza tu?"

Namshukuru, maana kwa sentensi hiyo alinipa mhadhara mzima. Ninayoshughulika nayo leo ni hiyo imani ya kukaza. Inasema kwamba mpira unavuja kwa sababu haukukazwa vya kutosha, kwamba dawa ya uvujaji ni bisibisi, na kwamba zile klipu za springi ambazo gari hutoka nazo kiwandani ni ubahili wa mtengenezaji, hivyo fundi mwenye huruma na mteja wake huzing'oa na kuweka za parafujo. Imani hii ina wafuasi gereji, ina wafuasi bandarini, na ina wafuasi wenye shahada zilizotundikwa ukutani.

Sitawachosha na aina zote. Kuna klipu za waya. Kuna za sikio, zinazofinywa kwa koleo mara moja na hazifunguliwi tena, ambazo kampuni iliyoanzishwa na Hans Oetiker mwaka 1942 huko Horgen, Uswisi, imejulikana kwazo. Kuna za boliti kwa mipira ya turbo. Kuna hata jamaa yao wa mbali, pete ya Marman, inayoshikilia setilaiti kwenye roketi mpaka wakati wa kuiachia. Jina lake lilitokana na kampuni ya Zeppo Marx, yule mdogo kabisa katika ndugu wachekeshaji wa Marekani wa familia ya Marx. Anayetaka vipimo akasome viwango vya SAE J1508 na DIN 3017. Mimi nina mbili tu mezani: ya parafujo na ya springi.

Nianze na ya parafujo, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu naipenda. Lumley Robinson alikuwa kamanda katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Mwaka 1921 alipewa hataza jijini London kwa klipu ambayo Waingereza huiita Jubilee hadi leo, hata pale iliyo mkononi imetoka kiwanda kingine kabisa. Kampuni yake ilikuwa Gillingham, katika jimbo la Kent. Alifariki mwaka 1939, na mjane wake, Emily, akaiendeleza.

Tazameni alichofanya. Chukua mkanda wa chuma, uuzungushe uwe pete. Juu yake weka kijumba kidogo, na ndani ya kijumba ulaze parafujo ikifuata mkanda. Mkanda una mifereji ya mshazari inayolingana na nyuzi za parafujo. Parafujo imefungiwa, haiendi mbele wala nyuma. Ukiizungusha, ni mkanda unaotembea, ncha moja ikiteleza juu ya nyingine na pete ikipungua. Bisibisi ya kawaida inatosha. Klipu moja inafaa mipira ya vipenyo mbalimbali, inafunguliwa na kufungwa tena, na haina nati ya kupotea chini ya injini. Zaidi ya yote, hairudi nyuma. Msuguano kati ya nyuzi na mifereji unaushinda mvuto wote wa mkanda, kwa hiyo ulipoiachia ndipo utakapoikuta. Katika klipu nzuri mifereji imegandamizwa tu bila kutobolewa, ili upande wa ndani ubaki laini. Zile za bei ya chini zina matundu matupu, na ukizikaza mpira hujipenyeza ndani ya matundu na kuchanika. Nimefundisha ubunifu wa mashine kwa miaka mingi, na sijapata kifaa kingine kinachofanya mambo mengi hivyo kwa vipande vichache hivyo.

Lakini tabia hiyohiyo ya kutorudi nyuma ndiyo kasoro yake. Klipu ya Robinson haitoi na haifuati. Ili tuone ubaya wa hilo, tupige hesabu.

Mpira wa rejeta una kipenyo cha ndani cha milimita 40, na mfumo wa kupoza unafanya kazi kwa bar 1 hivi zaidi ya hewa ya nje. Nguvu inayousukuma mpira uchomoke kwenye bomba ni newtoni 126, yaani uzito wa karibu kilo 13. Bomba lenyewe lina nundu mwishoni, na klipu ikikaa nyuma ya nundu hiyo, kama inavyotakiwa, sehemu ya kazi imeshafanyika. Sasa mkanda. Una upana wa milimita 12 na umekazwa hadi mvuto wa newtoni 1,000, mvuto ambao bisibisi inaufikia bila shida, juu ya mpira ambao kutoka katikati hadi ukingo wa nje ni milimita 25. Unaubana mpira kwa kanieneo ya bar 33. Mara 33 ya kanieneo ya maji yaliyomo! Kama kukaza ndiko kunakozuia maji, nchi hii isingekuwa na rejeta hata moja inayovuja.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye chuma, liko kwenye mpira. Mpira ukibanwa na kuachwa umebanwa, nguvu yake ya kusukuma nyuma hupungua hata kama hakuna kilichosogea. Hupungua kwa mtindo unaowashangaza wanafunzi kila mwaka: sehemu inayopotea kati ya dakika ya kwanza na ya kumi hukaribiana na ile inayopotea kati ya siku ya kumi na ya mia. Maana yake ni kwamba haipo siku ambayo mpira umemaliza kulegea. Ongeza joto la injini, karibu nyuzi 90, na kemia nayo inaingia kazini: mpira unazoea umbo ulilobanwa na kusahau lile la mwanzo.

Kisha kuna kutanuka. Kwa badiliko lilelile la joto, mpira hutanuka zaidi ya mara kumi ya chuma. Injini ikipata moto mpira unataka nafasi, pete inakataa, mpira unahamia pembeni mwa mkanda. Usiku injini inapoa, mpira unasinyaa, na pete imebaki palepale ilipoachwa na bisibisi. Ndiyo maana dereva wa Njombe anakuta tone chini ya gari alfajiri ya Juni, na injini ikishapata moto tone limekoma.

Fundi anafanya nini? Anakaza. Tone linakoma, mteja anafurahi, imani imethibitishwa. Hapa ndipo ninapomheshimu mpinzani wangu, kwa sababu ushahidi anao. Ila ni ushahidi wa wiki moja. Kila baada ya kukaza, mpira uliobaki chini ya mkanda ni mwembamba zaidi, una uhai mdogo zaidi wa kusukuma nyuma, na alfajiri ya baridi inayofuata tone linarudi. Anakaza tena. Safari hiyo huishia pale mkanda unapozifikia nyuzi za kitambaa zilizomo ndani ya mpira na kuzikata. Mpira unapasuka kandokando ya klipu, na lawama inaangukia mipira ya siku hizi.

Sasa ile ya pili mezani. Klipu ya springi ni bamba la chuma cha springi lililopindwa kuwa pete, lenye masikio mawili. Ukiyafinya kwa koleo, pete inapanuka, ukiachia, inarudi. Mpira ukitanuka inatoa, ukisinyaa inafuata. Mkazo wake wa mwanzo ni mdogo kuliko wa parafujo, na hilo huwahadaa wengi kwenye meza ya karakana, maana wanapima siku ya kwanza. Mimi nataka nipimiwe siku ya mia sita. Kuhusu ubahili: ni kweli springi inawekwa haraka kiwandani, na haraka ni pesa. Lakini mtengenezaji aliyetoa dhamana ya miaka kadhaa ndiye atakayelipia uvujaji. Huyo hana faida yoyote ya kuokoa shilingi kwenye klipu ili aje alipe rejeta.

Nikiwa mwanafunzi nilipanda basi la kwenda Iringa. Katikati ya mlima Kitonga mvuke ukajaa mbele, basi likasimama, tukashuka. Klipu ya parafujo ilikuwa imeula mpira hadi ukapasuka. Baada ya injini kupoa, utingo alikata ile ncha iliyoharibika, akauchomeka upya mpira uliobaki, kisha akatoa chini ya kiti ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akauvuta mpaka ukawa mwembamba, akauzungushia kwenye kiungo tabaka juu ya tabaka huku akiuvuta bila kuulegeza, akafunga fundo. Tukafika Iringa bila kusimama tena.

Nimejitahidi kuupinga ukanda ule. Mpira wa tyubu haupatani na joto wala mafuta. Jua linaupasua. Hauna kiwango, hauna kipimo, na mkaguzi akiupitisha afukuzwe kazi. Kwenye petroli na gesi ni marufuku, narudia, marufuku. Yote hayo nayakubali, na bado nasema kwamba yule utingo alikuwa karibu zaidi na usanifu sahihi kuliko klipu aliyoitupa bondeni, kwa sababu alifunga kwa kitu kinachojivuta chenyewe. Wako wahandisi walioichukua parafujo ya Robinson na kuipachika rundo la washa za springi zenye umbo la sahani, ili klipu ijikaze mpira unaposinyaa. Wanakiuza kwa bei kubwa kilichokuwa chini ya kiti cha basi.

Springi nayo ina mipaka yake. Lazima iwe ya saizi ya mpira wenyewe. Ikipanuliwa kupita kiasi haina thamani tena. Kwenye turbo yenye msukumo mkubwa naiondoa mwenyewe na kuweka ya boliti. Kwenye boti, mpira ulio chini ya usawa wa maji na ufungwe klipu mbili za parafujo za chuma kisichoshika kutu, mradi shingo ya bomba ina urefu wa kuzibeba zote mbili. Nendeni dukani na sumaku, mkaijaribu na parafujo, si mkanda tu: mara nyingi mkanda ni wa chuma kizuri na parafujo ni ya chuma duni, na maji ya chumvi huanza na parafujo.

Limebaki la jikoni. Regyuleta ya kawaida ya mtungi wa nyumbani hushusha gesi hadi milibar 30 hivi. Kwa mpira wenye tundu la milimita 8, nguvu ya kuuchomoa ni newtoni 0.15, uzito wa gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Kwa hiyo gesi haiwezi kuung'oa mpira. Wanaoung'oa ni sisi, tunaposogeza mtungi bila kuuangalia na tunapovuta jiko wakati wa kufagia. Hapo klipu ya parafujo inafaa kabisa, kwa kuwa hakuna injini ya kuchemsha kiungo, lakini mpira ule ni mwembamba na kukaza kwa hasira huukata. Kaza mpaka mpira usizunguke ukijaribu kuuzungusha kwa mkono, kisha paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu mapya. Usijaribu kwa kiberiti. Mpira ukiwa mgumu au una nyufa, klipu haitausaidia. Badilisha vyote viwili.

Mafundi, ninawaomba jambo moja. Gari likija gereji na klipu za springi, liondoke na klipu za springi. Iliyopanuka au iliyoshika kutu ibadilishwe kwa nyingine yenye saizi ileile. Mara nyingi imegongwa kwenye sikio lake, someni kabla ya kwenda dukani. Na wale ambao mmeshazing'oa na mmezijaza kwenye makopo, msizitupe. Zileteni karakana ya idara yetu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu watazipima, na majibu mtapewa bure.