Nzi na Nyuki Katika Maua ya Mwembe



Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, eneo la Tabora. Miembe ni sehemu ya urithi wa njia ile, na hadi leo tunakula matunda yake. Leo tuwazungumzie wanaoifanya izae: wadudu.

Shada moja la mwembe huweza kubeba maua zaidi ya elfu moja. Mengi ni ya kiume tu. Yale yenye sehemu ya kike ndiyo yanayoweza kuwa embe, na lazima yapate chavua. Chavua ya mwembe hunata, upepo hauibebi vizuri. Mbebaji ni mdudu. Nyuki wamo, wakubwa na wale wadogo wasiouma, lakini mara nyingi kazi kubwa hufanywa na nzi. Ua la mwembe ni dogo, tena liko wazi, hivyo hata nzi mwenye mdomo mfupi hufikia utamu wake. Anapohama ua hadi ua, chavua huganda mwilini mwake na kuhamia ua jingine.

Si mwembe tu: kule Kyela, mkoani Mbeya, kakao nayo hutegemea vijidudu jamii ya usubi, wanaozaliana katika majani yanayooza chini ya miti. Mkulima anayefagia shamba lake likabaki jeupe huwanyima makazi.

Wapo pia waharibifu. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya embe, na funza wake huliozesha. Lakini naye ana adui: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Huwinda wadudu, na harufu wanayoiacha juu ya tunda humfukuza nzi huyo. Ukiwachoma moto, umemwondoa mlinzi.

Basi, mkulima mwenzangu, usipulizie dawa miembe ikiwa imechanua, maana utawaua wachavushaji pamoja na waharibifu. Okota embe zilizooza, uzifukie kwa kina cha nusu mita au zaidi. Acha miombo kidogo kando ya shamba, ili nyuki wapate chakula msimu wa maua ya mwembe ukipita. Mavuno yako yanawategemea wadudu hawa, walinde.