Nyumba na Uwanja Wake: Juu ya Makazi Mapya katika Bonde la Bugarama



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, maneno haya ni juu ya nyumba. Hayahusu kuta wala bati, bali ardhi inayobaki baina ya nyumba na nyumba. Wakati wa kupima viwanja jambo hili huonekana dogo. Ukubwa wake hujulikana baada ya miaka mingi, nyumba zikiwa zimekwisha simama na nafasi ya kutengeneza haipo tena.

Kila mtu ajua kuwa Bugarama ni bonde. Hapo mto Rusizi unapoiaga Rwanda ndipo mahali palipo chini kuliko pote nchini, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto lake silo la milimani. Mto Rubyiro hunywesha mpunga, mto Ruhwa ni mpaka na Burundi, na ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Mpunga umeleta watu, biashara ya mipakani imeleta watu, na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1984 huko Muganza kimeleta wengine. Ardhi haikuongezeka. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, yaani watu 503 katika kila kilomita moja ya mraba. Watu 28 katika kila 100 walikuwa wakikaa mijini, na Serikali imekusudia wafike 70 ifikapo mwaka 2050. Rusizi ni mmojawapo wa miji sita iliyochaguliwa kusaidiana na Kigali kupokea watu hao.

Kwa hiyo makazi mapya hayana budi kujengwa. Tangu Desemba 1996 siasa ya nchi imekuwa ni kukusanya makazi ya vijijini katika imidugudu, ili mashamba yabaki mashamba, na maji, umeme, barabara na shule viwe karibu na watu. Faida yake ni dhahiri. Lakini nyumba zikikaribiana, joto nalo hukusanyika, maji ya mvua kutoka mabatini hukusanyika, na watoto hukusanyika. Joto lahitaji kivuli, maji yahitaji njia, na watoto wahitaji mahali pa kucheza mbali na magari. Ramani iliyojaa viwanja na barabara tu haijavijibu vitu hivyo vitatu.

Mfano hauko mbali. Huko Bujumbura mtaa wa Buyenzi, unaojulikana sana kwa Waswahili, ulipimwa kwa barabara zilizonyooka zenye namba. Mpango ulikuwapo, lakini familia zilipokua, nyua zikajengwa, na nyumba zikabanana. Katika Kigali, Biryogo nayo ina asili ya kambi ya Waswahili iliyotengwa zama za Wabelgiji, na nafasi yake ilikuwa finyu. Hata hivyo mwaka 2021 baadhi ya barabara zake zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi, zikawekwa mimea na viti, na watu wakapata mahali pa kukaa na kunywa chai. Yaonyesha kuwa hata mtaa wa zamani waweza kupumua, ingawa ni rahisi zaidi kuacha nafasi mapema kuliko kuitafuta baadaye.

Juu ya maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliamuru kilimo kikae mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ziwa. Wengine waliona kuwa ni ardhi iliyopotea. Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ikaua watu zaidi ya 130 katika magharibi na kaskazini ya Rwanda. Ukingo wenye nyasi na miti ni kazi ya kulinda roho. Na bondeni Nyandungu, katika Kigali, ardhi oevu ya hekta zipatazo 120 iliyokuwa imeharibika ilitengenezwa ikafunguliwa mwaka 2022 kuwa bustani. Maji yana mahali pa kutulia, na watu wana mahali pa kutembea.

Hapa yuko mwenye kuuliza, na swali lake ni la haki: kijana asiye na kiwanja ataambiwaje kuwa kipande hiki ni cha miti? Jibu ni kwamba bustani isiwe ya fahari. Bonde halihitaji majani ya kukatwa kila wiki. Lahitaji miembe na miparachichi kando ya njia, mtaro wenye nyasi, na uwanja mmoja wa watoto kwa nyumba nyingi. Nafasi zaidi hupatikana kwa kujenga nyumba zenye ukuta wa pamoja, au za ghorofa. Asiye na mali ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya uwanja huo, kwani hana ua mpana kwake.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko yote. Katika uandikishaji mkuu wa ardhi uliokwisha mwaka 2013, vipande zaidi ya milioni 10 vilipewa namba. Basi uwanja wa wote nao uwe na namba yake, mipaka yake na mwenyewe katika daftari, kama kiwanja cha mtu. Uwanja usioandikwa humegwa kidogo kidogo: leo kibanda, kesho ukuta, kesho kutwa nyumba, wala hapana wa kumshitaki. Waislamu wanalijua jambo hili tangu zamani kwa jina la wakfu, na Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, kuwa malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa umma.

Basi ramani ya makazi itakapoletwa kwa wananchi, wazee, akina mama na vijana wahudhurie, waulize: maji yatapita wapi, kivuli kiko wapi, watoto watacheza wapi, na uwanja huo umeandikwa kwa jina la nani? Na siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, miti ipandwe kabla ya misingi kuchimbwa, ili mwenye nyumba ahamiapo akikute kivuli kinaanza.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenyeji wa bonde hili makazi ya amani. Wabillahi tawfiq.