Maji ya Kipushi: chokaa si adui, adui ni kunyamaza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kipushi)

 

Leo tunaongea juu ya maji ya robine. Si kukatika kwake tu, ile kila mtu anaijua. Tunaongea juu ya maji yenyewe, wakati yanapotoka. Katika kartie tunasikia maneno matatu. La kwanza: "Maji hii iko na chokaa, itatuharibia mafigo." La pili: "Sabuni inaisha bure, povu haitoki." La tatu, na ndilo linalotuogopesha zaidi: "Heri kuteka ku kishima, maji yake iko laini."

Tuanze na ile chokaa. Chukueni sufuria ambayo mama anachemshia maji kila siku. Ndani kuna ngozi nyeupe inayoshika kama simenti. Inatoka wapi? Kipushi imejengwa juu ya mawe ya chokaa na dolomia. Ni ndani ya mawe hayo hayo ndipo shaba na zinki ya mgodi wetu ilikutwa. Mvua inaponyesha, maji yanashuka kati ya mawe, yanayeyusha kidogo kidogo kalsiumu na manyeziumu, na kubeba vitu hivyo. Maji ya namna hii tunaita maji magumu. Ukiyachemsha, sehemu ya kalsiumu inaachana na maji na kushika kwenye sufuria. Ngozi nyeupe ni jiwe la nchi yetu lililorudi kuwa jiwe.

Ugumu unapimwa kwa miligramu katika litri moja. Chini ya 60, maji ni laini. Kutoka 120 mpaka 180, ni magumu. Kupita 180, ni magumu sana. Kila mtu anaweza kujionea nyumbani bila mashini. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya robine, nyingine ya maji safi ya mvua. Tia kipande kidogo cha sabuni kilicho sawa katika kila chupa, funga, tikisa. Chupa ya mvua itajaa povu. Ile ya maji magumu itatoa povu kidogo na uchafu mweupe kama maziwa yaliyoharibika, kwa sababu kalsiumu inashika sabuni mbele ya sabuni kushika uchafu.

Sasa swali la mafigo. Shirika la Afya Duniani, ile OMS, halikuweka kipimo cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya, kwa sababu hakuna ushahidi wa kutosha kwamba ugumu unadhuru mtu. Kalsiumu na manyeziumu, mwili wenyewe unavihitaji. Hasara ya maji magumu iko kwenye mfuko: sabuni inaisha mbio, makala yanaungua mengi juu sufuria yenye chokaa inachelewa kupata moto, na mabomba yanafinyika pole pole. Kwa mama anayefua nguo za watu ili apate franka ya kununua bukari, hiyo si hasara ndogo. Lakini si sumu.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu mtu akikimbia chokaa na kwenda ku kishima kilichochimbwa karibu na choo, ameacha maji magumu na kuchukua maji yanayoweza kuua. Kipindupindu hakina rangi. Hakina ladha. Hakiachi ngozi nyeupe kwenye sufuria. Mwaka 1994 kule Goma, watu makumi ya maelfu waliokimbia vita ya Rwanda walikufa katika majuma machache kwa kipindupindu na kuhara damu. Macho na ulimi havikuwasaidia.

Kwa hiyo tujue vipimo vyenye maana. Vidudu vya E. coli, ambavyo vinatoka katika mavi ya watu na ya wanyama: katika mililitri 100 ya maji ya kunywa havitakiwi kuonekana hata kimoja. Klori: inapofika kwenye robine inapaswa kubaki angalau miligramu 0,2 katika litri. Ile harufu kidogo ya klori ambayo wengi wanalalamikia, ni mlinzi aliyebaki kazini mpaka mlangoni kwako.

Na hapa kukatika kwa maji kunarudi. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, maji yanatoka nje kupitia nyufa. Bomba likiwa tupu, nyufa zile zile zinaingiza maji ya mtaro. Maji yakirudi, mnakunywa na ya mtaro. Kukata maji si shida ya kungojea tu na bidon kwenye mstari. Ni shida ya afya. Kama yamerudi yakiwa mekundu au na matope, tuyaache yatiririke kwanza, tutumie ya kwanza kwa kusafisha choo, na ya kunywa tuyachemshe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja nzima. Halafu tuyaweke katika chombo safi chenye kifuniko, mikono isiingie.

Jambo la mwisho ni zito. Tangu miaka ya 1920 watu wanachimba hapa. Mgodi ulifungwa 1993, ukaanza tena kutoa mali 2024. Jiwe la Kipushi lina zinki na shaba, lakini pia lina risasi, ile tunaita plombu, pamoja na kadmiumu na arseniki. OMS inasema maji ya kunywa yasipite miligramu 0,01 ya plombu katika litri, 0,01 ya arseniki, na 0,003 ya kadmiumu. Na hivi, wandugu, kuchemsha hakuviondoi. Ukichemsha, maji yanapungua, chuma kinabaki. Mtoto ndiye anaumia zaidi, kwa sababu plombu inaharibu ubongo unaokua.

Leo hatumshitaki mtu. Sisi hatusemi kitu bila karatasi ya laboratwari. Lakini mji ulioishi karibu miaka mia moja kando ya mawe ya namna hii una haki ya kuona karatasi hiyo. Nani aliiona? Imebandikwa ukuta gani?

Hapa hatuombi huruma. Katiba ya inchi yetu ya 2006, artikle 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Kuna pia sheria ya maji nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Na artikle 27 ya Katiba inasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kuandikia serikali petisio, na serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, si "tutaona".

Petisio yetu ina maombi manne. Moja: maji yapimwe kwenye robine za raia, si pale yanapotoka tu, na wakaaji wa kartie wakiwepo. Mbili: vipimo viwe vya vidudu, klori, ugumu, plombu, kadmiumu na arseniki. Tatu: majibu yabandikwe kwenye ukuta wa komini, na tarehe, mahali na jina la laboratwari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ine: saa za kukata maji zitangazwe mbele, ili watu wajue siku ya kuchemsha.

Na kazi yetu vijana? Kila avenue ichague watu wawili wa kushika daftari: siku gani maji yalikatika, saa gani yalirudi, yalikuwa na rangi gani, watoto wangapi waliharisha juma lile. Mkubwa wa ofisi anaweza kukataa kelele. Kukataa daftari ya miezi mitatu, yenye tarehe na saa, ni vigumu. Hakuna jiwe la kurusha, hakuna tairi ya kuchoma. Tunataka majibu, na atakayeharibu kitu atawapa sababu ya kutojibu.

Na mukirudi nyumbani, mwambieni bibi: chokaa ya sufuria isimtishe, maji ya robine asiyaache kwa ajili ya kishima. Ayachemshe, ayafunike. Na plombu, ambayo moto hauiwezi, tutaiuliza sisi kwa maandishi.

Daftari ziko hapa mezani, na kalamu pia. Anayejua kuandika amuandikie asiyejua. Maji safi si zawadi ya mkubwa. Ni haki yetu.