Walioanza Safari Hawakuimaliza

Popote ulipo asubuhi hii, jikoni, njiani kwenda kazini, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibu tutafakari pamoja kwa dakika chache. Fungu letu latoka katika Waraka kwa Waebrania, mwisho wa mlango wa 11 na mwanzo wa mlango wa 12.

Mimi ni mpenzi wa kandanda, na leo nataka kukusimulia habari za kombe moja. Wako wasemao kwamba mpira hauna nafasi katika mazungumzo ya ibada. Lakini mwandishi wa Waraka huu hakuona haya kutaja mbio na watazamaji wake ili kuwatia moyo waumini. Basi nasi tusione haya.

Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi la Zambia ilitua Libreville, mji mkuu wa Gabon, ili itiwe mafuta. Ndani yake mlikuwa na timu ya taifa, iliyokuwa ikielekea Senegal kucheza mechi ya kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia la 1994. Ndege ikaruka tena, na baada ya dakika chache ikaanguka baharini, karibu na pwani. Watu 30 walikuwamo, na 18 kati yao walikuwa wachezaji. Mwalimu wao, Godfrey Chitalu, aliyekuwa mfungaji hodari sana wa mabao katika ujana wake, alikuwa pamoja nao. Hakupona hata mmoja. Nahodha Kalusha Bwalya hakuwamo, kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri kwa njia yake mwenyewe. Wenzake wakazikwa Lusaka, na yeye akabaki.

Timu ikaundwa upya, Kalusha akiwaongoza wale wapya. Kabla mwaka haujatimia, mwezi wa Aprili 1994, vijana hao walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Tunis. Wakatangulia kufunga, lakini Nigeria ikawashinda mabao 2 kwa 1. Wakarudi nyumbani bila kombe.

Ikapita miaka 18. Mwaka 2012 mashindano hayo yalifanyika katika nchi mbili, Gabon na Guinea ya Ikweta. Sasa sikiliza jambo hili. Mechi zote za Zambia, tangu ya kwanza hadi nusu fainali, zilichezwa Guinea ya Ikweta. Fainali peke yake ndiyo iliyowekwa kwao Libreville. Maana yake ni kwamba vijana wale hawangeweza kucheza katika mji ule ila kwa kushinda. Walipofika, kabla ya kucheza, walikwenda pwani pamoja na Kalusha, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa chama cha kandanda cha Zambia, wakaweka maua kwa ajili ya wale waliokufa.

Tarehe 12 Februari wakakutana na Côte d'Ivoire, timu yenye wachezaji mashuhuri, ambayo haikuwa imefungwa hata bao moja katika mashindano yale. Didier Drogba alipata penalti, akaipiga juu ya goli. Dakika 120 zikaisha bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti, na wachezaji wa Zambia wakapiga magoti wakiimba huku wenzao wakienda mmoja mmoja kupiga. Hata kipa wao, Kennedy Mweene, alipiga wake ukaingia. Mwishowe Stoppila Sunzu akafunga, na Zambia ikashinda 8 kwa 7. Lilikuwa ndilo kombe lao la kwanza la Afrika.

Msikilizaji mpenzi, habari hii yatufundisha nini?

Kwanza, tuwe waangalifu na ndimi zetu. Wako waliosema kwamba Mungu aliwachukua wale 30 ili baadaye aipe Zambia kombe. Ndugu yangu, usimnenee Mungu hivyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba injini moja ya ndege ile iliharibika, na rubani, aliyekuwa amechoka, akaizima ile iliyokuwa nzima. Makosa ya wanadamu tusiyafunike kwa jina la Mungu. Wala kombe halikumrudishia mjane mume wake, wala mtoto baba yake. Ukienda kwenye matanga, usiharakishe kusema kwamba heri itatokea. Keti na waliofiwa. Lia nao. Bwana Yesu mwenyewe, akijua kwamba atamfufua Lazaro, alilia kwanza.

Pili, furaha tuliyo nayo leo ilianzwa na watu wengine. Mwandishi wa Waebrania ataja watu wengi wa imani waliofariki kabla ya kuona kile walichokitazamia, kisha asema kwamba Mungu hakutaka wao wafikie ukamilifu bila sisi. Hilo ni neno kubwa. Kazi yao yatungoja sisi. Kanisa unaloabudu, huenda lilianzia chini ya mti, na mzee aliyetoa shamba lake hakuliona likiezekwa mabati. Wewe uliyesoma, pengine dada yako mkubwa aliacha shule akachuma majani chai ili karo yako ipatikane. Mama yako aliuza ng'ombe wa pekee, akafa kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Je, umefanya nini na safari waliyokuachia? Kuna wengi wanaowalilia wazazi wao kila mwaka, lakini kazi waliyoachiwa imelala. Wazambia hawakuweka maua tu. Waliweka maua, kisha wakaingia uwanjani.

Huenda wewe u kama Kalusha. Wenzako walikwenda, wewe ukabaki, na usiku wajiuliza, "Kwa nini mimi?" Mimi siwezi kukujibu swali hilo. Lakini naweza kukuambia kwamba kubaki kwako si kosa wala si aibu. Amka, chukua mpira, waongoze walio wadogo.

Tatu, katika fainali ile mlinzi mmoja, Joseph Musonda, aliumia mapema sana, akatoka uwanjani akilia. Mechi ilipokwisha, na wenzake wakishangilia, kocha wao, Mfaransa Hervé Renard, alimbeba mikononi mwake akampeleka katikati yao. Hakuachwa pembeni kwa sababu hakuweza kutembea. Mkristo mwenzangu uliyeumia, usiyeweza tena kuimba kwaya wala kuhudhuria mikutano, furaha ya Bwana si ya wenye miguu mizima peke yao. Yuko wa kukubeba. Nanyi mlio wazima, Jumapili hii nendeni mkamtazame mmoja aliyeachwa nyumbani.

Kombe la dhahabu hushikwa leo, na miaka michache baadaye hushikwa na wengine. Lakini wale waliotutangulia katika imani wanatungoja, na Yesu ndiye aliyeianza safari yetu, naye hataishia njiani.

Na tuombe. Ee Baba yetu, wafariji wote ambao leo wanakumbuka watu wao. Tusamehe tulipoila matunda ya jasho la wengine tusiwakumbuke. Tupe nguvu tuifanye kazi waliyotuachia, na utubebe tutakapochoka, mpaka tukutane nao mbele zako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.