Kibofu, Kichocho na Seli Zinazoachana

Tunazungumzia saratani ya kibofu cha mkojo. Saratani hii haiui kwa sababu tu uvimbe umeota. Inaua pale seli zake zinapobanduka mahali pake, zikapenya hadi kwenye misuli ya kibofu, kisha zikafuata damu kwenda kwenye mapafu, ini na mifupa. Kabla ya hapo mgonjwa ana nafasi nzuri. Baada ya hapo, kazi ni kubwa na matumaini ni haba. Ninachosema leo ni kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunaipoteza ile nafasi ya mwanzo kwa sababu ya mazoea.

Tuanze na kinachozishika seli. Ukuta wa kibofu kwa ndani umetandazwa tabaka kadhaa za seli zilizobanana kiasi kwamba mkojo hauvuji kurudi mwilini. Zinabanwa na protini zinazochomoza kwenye seli moja na kukamata protini za seli jirani. Inayojulikana zaidi ni E-kadherini. Ukiiona nyumba ya udongo imesimama, ujue ndani ya ukuta mna fito zilizofungwa kwa kamba. E-kadherini ndiyo kamba hiyo. Kwa nje imeshika seli jirani, na kwa ndani imefungwa kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake.

Mmoja wa waliozigundua protini hizi ni Masatoshi Takeichi wa Japani. Katika miaka ya 1970 alikwenda kufanya utafiti Marekani, na huko seli alizozitenganisha zikakataa kushikana tena, ilhali kwao Kyoto zilikuwa zikishikana bila taabu. Akafuatilia, akakuta kwamba maji ya dawa waliyotumia Wamarekani kutenganishia seli yalikuwa na kemikali inayoondoa kalsiamu. Kalsiamu ikikosekana, protini zile hulegea na kukatwakatwa. Fumbo hilo la maabara mbili ndilo lililomfikisha kwenye kadherini.

Sasa turudi kwenye kibofu. Uvimbe ambao bado uko juu juu aghalabu huwa na E-kadherini yake. Kadiri unavyozidi ukali, ndivyo protini hiyo inavyopungua. Wakati mwingine jeni yake haijaharibika hata kidogo, imezimwa tu. Mwaka 1993, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kupima vinyama vilivyotolewa kwenye vibofu vya wagonjwa: wale ambao E-kadherini yao ilikuwa imepungua waliishi muda mfupi zaidi. Na mambo hayaishii hapo. Mara nyingine pengo hilo huzibwa na N-kadherini, ndugu yake, ambayo huzisaidia seli za saratani kusogea. Integrini nazo, ambazo kazi yake ni kuishikiza seli kwenye utando ulio chini yake, huacha mpangilio wake wa kawaida.

Kwa mgonjwa, kinachoamua atatibiwa vipi ni kama seli hizo zimeshapenya hadi kwenye misuli. Uvimbe ambao haujafika kwenye misuli hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Baadhi ya wagonjwa kisha huwekewa BCG ndani ya kibofu, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyowaachia wengi wetu kovu mkononi. Daktari Alvaro Morales na wenzake nchini Kanada walitangaza matokeo ya tiba hiyo mwaka 1976. Hata bakteria wa BCG lazima wapate pa kushika: hunasa kwenye fibronektini, protini nyingine ya kushikiza iliyo katika ukuta wa kibofu, ndipo kinga ya mwili inapoamka. Lakini uvimbe ukishaingia kwenye misuli, mara nyingi kibofu chote huondolewa, na wengi huishi na mfuko wa kukingia mkojo tumboni.

Miaka ya karibuni imeleta habari njema, nayo inatokana na protini hizihizi za kushikanisha seli. Kuna moja iitwayo nektini-4, ambayo virusi vya surua huitumia kwenye seli za njia ya hewa. Imejazana pia kwenye seli nyingi za saratani ya kibofu. Wanasayansi wakaunda kingamwili inayoisaka nektini-4 huku imebeba sumu. Ikishainasa, seli ya saratani huimeza pamoja na sumu yake, ikafa. Dawa hiyo, enfortumabu vedotini, iliidhinishwa Marekani Desemba 2019. Mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya kuichanganya na pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, kwa watu ambao saratani yao ilikuwa imesambaa au haiwezi tena kuondolewa kwa upasuaji: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 31.5, wakati kwa waliopewa kemotherapi ya kawaida ilikuwa miezi 16.1.

Hayo ni mafanikio makubwa, ila tusidanganyane. Bei ya dawa hiyo ni maelfu ya dola kwa mwezi. Tena ilijaribiwa kwa saratani inayoanzia kwenye seli za kawaida za utando wa kibofu, aina iliyotapakaa Ulaya na Marekani, ambako chanzo kikuu ni sigara. Aina hiyo kwetu ipo. Lakini tunayo na nyingine, saratani ya seli bapa, na hiyo inaandamana na kichocho.

Kichocho cha mkojo tunakijua, kuanzia Shinyanga hadi Kwale, Unguja hadi Pemba. Minyoo yake, dume kamkumbatia jike, hukaa miaka katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Yai lake lina mwiba mmoja nchani. Mayai yanayofanikiwa kupenya hutoka na mkojo, kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndiyo maana wapimaji wakienda shuleni huchukua mkojo saa hizo. Yanayoshindwa hukwama ukutani. Mwili huyapiga vita, pakawa na kidonda, kikapona, kikarudi, mwaka baada ya mwaka, mpaka seli za pale zikabadilika. Daktari Ferguson aliuandika uhusiano huu wa kichocho na saratani akiwa Cairo mwaka 1911. Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likamweka mnyoo huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi ambamo tumbaku imo.

Tumefanya nini? Watoto wa shule tumewapa vidonge vya prazikwanteli, na hilo ni jambo la kupongezwa. Mzazi wao je? Mkulima wa mpunga, mama anayefua bwawani, kijana anayeosha magari mtoni? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa wapewe watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Ushauri huo usibaki kwenye makabati ya wizara.

Halafu kuna zahanati zetu. Mtu wa miaka 50 anakuja anakojoa damu, haumwi popote. Anaambiwa ni kichocho, anapewa vidonge. Damu inakata, inarudi. Anaambiwa ni U.T.I., anapewa antibayotiki. Mwanamke ndiye huchelewa zaidi, maana damu yake ina maelezo mengi ya haraka. Simlaumu mganga wa zahanati. Hana kamera ya kuchungulia kibofu, na hospitali yenye kamera iko mbali. Lakini kibofu kikivuja damu kisha kikaacha, hakijapona. Ni tabia ya uvimbe kufanya hivyo, na miezi inayopita kati ya damu ya kwanza na ya pili ndiyo miezi ambayo huenda seli bado zimeshikana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wizara zetu ziweke utaratibu ulio wazi: mtu mzima mwenye damu kwenye mkojo ambayo haijapata maelezo, au imerudi baada ya dawa, apewe rufaa ya kuchunguliwa kibofu, na bima ilipie. Kamera moja inayofanya kazi katika hospitali ya mkoa, pamoja na mtaalamu wa kusoma vinyama, itaokoa watu wengi kuliko dawa ambayo hatuwezi kuinunua.

La pili ni lako, msikilizaji. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda kapime. Ukipewa vidonge, meza. Lakini kabla hujaondoka, muulize daktari: damu ikirudi, nani ataangalia ndani ya kibofu changu, na lini? Usitoke chumbani bila jibu.