Nyumba ya Muyinga: Ukoo, Ndoa na Madaraka katika Maisha ya Mtwa Mkwawa

Historia ya tawala za kale za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Usangu na Uhehe hadi Ubena na Upangwa, ambako Mlangali imo, imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya vita na ya mashujaa wake, kana kwamba watawala hao hawakuwa na mama, wake, ndugu wala wakwe. Mhadhara huu unashika njia nyingine. Unadai kwamba utawala wa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Mkwawa, hauwezi kueleweka mpaka familia yake ieleweke kwanza, kwa sababu familia hiyo ndiyo iliyoujenga utawala huo, ndiyo iliyokaribia kuuvunja, na ndiyo iliyouhifadhi baada ya bunduki za Wajerumani kuushinda.

Masimulizi ya asili yenyewe yanaanza na ndoa. Mwindaji aitwaye Mufwimi, aliyetoka upande wa Usagara, alifika Nguluhe, akagawa nyama kwa wenyeji na kumpata Semduda, binti wa mtawala wa hapo, naye akamzaa Muyinga, ambaye ukoo wa Mwamuyinga umepewa jina lake. Iwapo kila sehemu ya habari hii ilitukia kama inavyosimuliwa si jambo la msingi hapa. Lenye uzito ni kwamba ukoo wenyewe unakiri kuwa haki yake ya kutawala nchi ile ilipitia kwa mwanamke mwenyeji, wala haikuletwa na mgeni peke yake.

Munyigumba, aliyeziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe katikati ya karne ya 19, aliitumia kanuni hiyo kwa upana mkubwa zaidi. Alipowashinda watemi wadogo, aliwaweka chini ya vanzagila, yaani wakuu wa majimbo waliowajibika kwa mtwa (mtwa ndiye mtawala mkuu kwa Kihehe), na mafungamano kati ya makao makuu na majimbo yakatiwa nguvu kwa kuoa na kuozesha. Mkwe wa mtwa alikuwa mtumishi wa dola na jamaa wa nyumbani kwa wakati mmoja, jambo lililomfanya awe mwaminifu kuliko mgeni, lakini pia awe wa hatari kuliko mgeni, kwa kuwa aliweza kudai kiti chenyewe.

Hatari hiyo ilidhihirika Munyigumba alipofariki mwaka 1879. Mwambambe, aliyekuwa mkwe wake, alinyakua madaraka, na Mkwawa, kijana wa miaka ishirini na kitu, akalazimika kukimbilia Ugogo mpaka alipoweza kurudi na kumshinda. Mwambambe alikwenda Kiwele kutafuta msaada wa rugaruga, yaani askari wa kukodiwa, akarejea nao, na akauawa vitani. Norwei ya zama za kati ilipitia balaa la namna hiyo hiyo, tena kwa muda mrefu zaidi: baada ya mfalme Sigurd kufariki mwaka 1130, kila mwana wa mfalme, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa, aliweza kudai taji, na vita vya kugombea kiti vikaendelea kwa vipindi hadi mwaka 1240, na ilipofika 1260 ndipo sheria ya mfalme Håkon ikaweka wazi kwamba mrithi ni mmoja. Uhehe ulitulia haraka zaidi.

Wajerumani walikitambua kiungo hiki cha ukoo na wakajaribu kukigeuza kuwa silaha. Baada ya Wahehe kukishinda kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na baada ya ngome ya mawe ya Kalenga kutekwa mwezi Oktoba 1894, Kapteni Tom von Prince alimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa kwa baba, mnamo Desemba 1896, akitumaini kwamba damu ile ile ingewavuta watu wamwache mtwa aliyekuwa porini. Haikuwa hivyo. Mpangile alishukiwa kumsaidia nduguye kwa siri, na mwezi Februari 1897 akanyongwa. Katika kisa kizima cha Uhehe, hakuna kifo kinachostahili kuombolezwa zaidi ya hiki, kwani mtu huyu aliwekwa kitini kwa sababu ya undugu, na undugu huo huo ukamuua.

Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 pale Mlambalasi, kichwa chake kikakatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliamuru lirudishwe. Hata hivyo lilirudi mwaka 1954 tu, baada ya Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, kuyapitia mafuvu yaliyohifadhiwa Bremen na kulichagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, pamoja na tundu la risasi. Hivyo hata fuvu lilitambuliwa kwa njia ya ukoo. Aliyelipokea Kalenga alikuwa mjukuu wake, Adam Sapi, aliyeshika utawala mwaka 1940 baada ya baba yake, Sapi, ambaye Waingereza walimweka mwaka 1926. Baadaye Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi 1994.

Wanafunzi wa historia wa Mlangali, Njombe na Makambako, wanapokusanya habari za watawala wao wa Kibena na Kipangwa, wanaombwa waanze kwa kuuliza kila mke wa mtawala alitoka nyumba ipi na mama wa kila mrithi alikuwa nani, kisha wayaandike majina ya wanawake hao pamoja na ya waume, maana humo ndimo itakapojulikana ni nchi zipi zilizounganishwa kwa mkuki na zipi zilizounganishwa kwa makubaliano.